Mama ana displasia kwenye umio: itolewe kwa kamera au apasuliwe kifua?

Mwalimu_Naivasha

Hamjambo ndugu zangu. Naomba msaada wenu kabla familia haijagawanyika kabisa.

Mama yangu ana miaka 58, anaishi kwetu karibu na Litein. Hana shida yoyote ya kumeza. Ugali, nyama choma, mahindi ya kuchoma, vyote vinapita. Alikwenda kupimwa kwa sababu dada yake, mama yetu mkubwa, tulimzika mwaka jana kwa saratani ya koo, na kabla yake baba yao aliondoka kwa ugonjwa uleule. Mimi ndiye niliyemsukuma aende, kwa hiyo sasa kila lawama inapita kwangu.

Walimpitishia kamera, wakampulizia ndani dawa ya rangi ya kahawia, wakachukua vinyama na kuvipeleka maabara. Ripoti inasema hivi, kwa maneno yangu: kuna sehemu bapa isiyoshika rangi, ipo sentimita 28, upana wake kama sentimita moja na nusu, displasia (seli zilizoharibika) ya daraja la juu, saratani iliyopenya haijaonekana. Mjomba aliichukua ile karatasi, akaiona hiyo 28, akawatangazia watu wa boma zima kwamba mama ana uvimbe wa karibu futi moja. Tangu siku hiyo wageni wa kutoa pole hawakatiki, na mama anawapikia chai yeye mwenyewe.

Daktari wa kwanza alisema apasuliwe, umio, yaani njia ya chakula, utolewe, tumbo livutwe juu lichukue nafasi yake. Wa pili, kijana mdogo, akasema hakuna haja, kitu hiki kinakatwa kwa kamera ileile na mama anarudi nyumbani kesho yake. Ndipo nilipochanganyikiwa. Mmoja anataka kutoa kiungo kizima, mwingine anaongea kama mtu anayekwenda kung'oa jino. Nani ananidanganya?

Mjomba yeye anasema wote wawili. Kwa maoni yake nyama ya aina hii ukiigusa na chuma inaamka na kusambaa, na ushahidi wake ni mama mkubwa, ambaye "alikuwa anatembea vizuri mpaka walipomtia lile bomba". Mama mwenyewe ananyamaza tu. Akiulizwa anasema, "Mimi siumwi."

Kuna mtu hapa aliyewahi kufanyiwa hii ya kukatwa kwa kamera, au anayeifahamu kwa karibu?

Baharia_Kisauni

Pole sana mwalimu. Mimi naungana na mjomba. Mtu haumwi, anakula mahindi ya kuchoma, mnamtafutia nini? Mpeni majani ya mwarobaini yaliyochemshwa, asubuhi na jioni, na maombi. Jirani yangu hapa alikatwa uvimbe, mwezi wa tatu tukamzika.

SistaKamera

Mwalimu, poleni kwa mama mkubwa. Mimi ni nesi, nimekaa chumba cha endoskopi huku Bonde la Ufa miaka mingi. Si daktari na mama sijamwona, kwa hiyo nitakueleza ninachokijua, nawe upeleke maswali kwa daktari wake.

Tuanze na mjomba, maana ndiye mwenye sauti kubwa nyumbani. Sentimita 28 si ukubwa. Tunapima kutoka meno ya mbele. Umio wa mtu mzima unaanza kama sentimita 15 kutoka kwenye meno na kuishia karibu na 40, pale unapoingia tumboni. Kwa hiyo 28 ni anwani tu: katikati ya umio, nyuma ya kifua. Ukubwa ni ile moja na nusu. Mwonyeshe kwa rula.

Ile dawa ya kahawia ni iodini ya Lugol. Ngozi ya ndani ya umio ikiwa nzima ina akiba ya sukari iitwayo glaikojeni, na iodini ikikutana nayo inageuka kahawia iliyokolea. Seli zilizoanza kuharibika huwa zimeishiwa na akiba hiyo, kwa hiyo doa linabaki jeupe au la manjano, na baada ya dakika chache lile baya hasa linageuka waridi. Bila iodini, doa bapa kama la mama unaweza kulipita kamera ikiwa mbele yake kabisa. Nimesimama pembeni nikaona ukuta mweupe usio na kitu, daktari akapuliza iodini, na doa likatokea pale pale tulipokuwa tunatazama.

Sasa, displasia ya daraja la juu. Hizo ni seli zilizokwisha kuharibika sura na mpangilio, lakini bado ziko juu ya utando wa chini unaozitenga na mishipa ya damu na ya limfu. Hazijavuka. Kitu ambacho hakijavuka hakina njia ya kusafiri kwenda ini au mapafu, hata kikiguswa na chuma. Hilo ndilo jibu la mjomba. Mama mkubwa hakuuawa na bomba. Bomba lile huwekwa kwa mtu ambaye uvimbe umeshaziba njia, ili apate kumeza uji na mate yake mwenyewe katika muda uliobaki. Aliyewekewa alikuwa amekwisha kuchelewa, na watu wakaona bomba na kifo vikifuatana.

Na wewe Baharia, nakuheshimu, ila hilo la "haumwi" ndilo linalotumaliza huku kwetu. Wengi wanaofika mezani kwetu walianza kwa nyama kukwama, wakaisukuma kwa chai. Kisha ugali ukakataa, wakahamia kwenye uji. Siku uji ulipokataa ndipo nauli ikatafutwa. Umio unatanuka, unavumilia, na mtu anapohisi kukwama uvimbe umekwisha kula sehemu kubwa ya mzunguko wake. Mwarobaini anywe akipenda, lakini doa halitoki kwa majani.

Kuhusu kungoja, kuna watu waliofuatiliwa huko Linxian, mkoa wa Henan, China, ambako ugonjwa huu ni mwingi kama kwetu. Walipimwa, wakaachwa bila matibabu, wakafuatiliwa kwa miaka 13 na nusu. Wenye displasia ndogo, karibu robo yao walipata saratani. Ya wastani, nusu. Ya juu, karibu robo tatu. Mama yuko kundi la mwisho. Ingekuwa ndogo ningekwambia arudie kipimo baada ya muda na msigombane.

Na mama si wa ajabu. Huko Bomet, madaktari wa hospitali ya Tenwek waliwapima watu wazima 305 wasio na dalili yoyote, wakachapisha matokeo mwaka 2016: takriban asilimia 14 walikuwa na displasia ya daraja moja au jingine. Wote walikuwa "hawaumwi".

Kazi inanita. Nitarudi kueleza inavyokatwa.

Mswahili_Leicester

Mwalimu, mimi nimefanyiwa, ila hapa Uingereza. Miaka mingi nilikuwa na kiungulia, nakunywa dawa za kaunta. Daktari wangu akanimezesha kidonge chenye kamba. Kinayeyuka tumboni, ndani yake kuna sponji, nesi anaivuta kamba na sponji linatoka na seli za njiani. Kukivuta si raha, lakini ni dakika moja. Wakakuta Barrett, kisha kamera ikaonyesha displasia. Wakanichoma kwa mawimbi ya redio, mpira wenye nyaya ulioingizwa kwa kamera. Nilirudi nyumbani jioni ileile. Kifua kiliniwaka siku kadhaa, nikanywa supu na maziwa baridi. Walirudia tena baadaye kumalizia. Sasa naangaliwa tu. Mwambie mama asiogope, na mwulize daktari kwa nini asimchome badala ya kumkata.

SistaKamera

Kaka wa Leicester, asante, na ushuhuda wako utamsaidia mama. Ila ugonjwa wako na wake ni wa ukoo tofauti, tusivichanganye. Wako unatokana na asidi ya tumbo kupanda juu kwa miaka, sehemu ya chini ya umio ikabadilika na kuwa kama utumbo. Umepewa jina la Norman Barrett, daktari mpasuaji wa London aliyeandika habari zake mwaka 1950. Wa mama uko kwenye ngozi yenyewe ya asili ya umio, katikati, na asidi haihusiki sana. Huku kwetu ndio huo unaotumaliza; wa kwako tunauona kwa nadra.

Na swali lako la kwa nini asichomwe ni zuri. Ukichoma, hakibaki kitu cha kupeleka maabara. Vile vinyama vya kwanza vilikuwa vidogo kama punje ya mtama, vimechukuliwa mahali pawili patatu. Pengine pembeni kuna seli zilizokwisha kuvuka na hazikudonolewa. Ukikata doa lote, mtaalamu wa patholojia analisoma lote: ni nini hasa, limefika kina gani, na kingo zake ni safi au la. Kwa hiyo kukata ni matibabu, na papo hapo ni kipimo cha mwisho. Ndiyo maana mimi, kama angekuwa mama yangu, ningetaka likatwe.

Inavyofanyika sasa. Analazwa kwa ubavu wa kushoto, anapewa dawa ya usingizi kwenye mshipa. Daktari anapuliza iodini tena, anaweka vidoa vya moto kuzunguka doa, kwa sababu iodini inafifia na katikati ya kazi usipokuwa na alama utapotea. Kisha kuna njia mbili.

Ya kwanza tunaifanya zaidi. Kwenye ncha ya kamera inavalishwa kofia ndogo ya plastiki yenye mipira ya lastiki. Ya kwetu huwa na sita. Daktari ananyonya utando uingie ndani ya kofia, anaachia mpira mmoja, utando unafungwa shingoni unakuwa kinundu. Hapo anapitisha kitanzi cha waya, mimi nakaza taratibu huku yeye akikanyaga pedali ya umeme, kinundu kinatoka. Doa dogo linaweza kutoka kwa mkato mmoja. Likizidi, vinatoka vipande, na vipande vina shida yake: mtu wa maabara hawezi kusema kwa uhakika kingo ni safi, kwa kuwa kila kipande kina kingo zake.

Ya pili waliianzisha Wajapani miaka ya 1990 mwishoni. Daktari anadunga maji yenye rangi ya buluu chini ya utando, unainuka na kuachana na msuli, kisha kwa kisu kidogo cha umeme anazunguka alama na kuuchambua kutoka chini mpaka doa lote linatoka kipande kimoja, hata likiwa kubwa. Inachukua muda mrefu na inataka mkono uliozoea. Haifanyiki kila mahali. Kwa sentimita moja na nusu mama yuko mpakani. Ya kwanza inaweza kutosha, ya pili ni safi zaidi kama yuko anayeijua kweli. Usimkimbilie daktari kwa sababu ana mashine mpya. Muulize amewafanyia wangapi kwenye umio, si kwenye utumbo mpana. Akikasirika, nawe umepata jibu.

Kipande kikitoka hatukitupi kwenye chupa hivihivi, kinajikunja. Nakitandaza juu ya kipande cha povu, nakipigilia pini nyembamba kingoni, naandika upande upi ulikuwa wa juu, ndipo kinaingia kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi. Ni kazi ya dakika chache na nimeona vyumba wanakoiruka. Muulizeni daktari kama kitatandazwa. Kikifika maabara kimejikunja, ripoti itakuja na "haikuweza kubainishwa", na mtabaki palepale mlipokuwa.

Daktari wa kwanza naye msimwone mwongo. Kutoa umio ni upasuaji wa kweli na unaokoa watu ambao seli zao zimevuka na kwenda chini. Kama ripoti ya kipande itasema zimefika kwenye tabaka la chini, ambako limfu ni nyingi, mtarudi kwake na mtamhitaji. Lakini kuanza na kupasua kifua kwa doa bapa la displasia, kabla halijasomwa lote, mimi naona ni kuvuka mto kabla ya kufika mtoni.

Mwalimu_Naivasha

Sista, Mungu akubariki. Nimemsomea mama kwa simu, na mjomba alikuwa pembeni. Rula nayo imetumika. Amesema "sawa", na kwa yeye hilo ni neno kubwa.

Maswali yaliyobaki ni ya mama mwenyewe. Je, koo litaziba baadaye kwa kovu? Ataumwa kiasi gani? Na chai yake? Anakunywa ikiwa imetoka motoni, na mursik, maziwa yetu ya mgando, hapitishi siku.

SistaKamera

Kovu kwanza. Tunaliogopa pale kidonda kinapochukua zaidi ya robo tatu ya mzunguko wa umio. La mama haliwezi kufika huko. Wale wakubwa huwa wanapewa dawa za steroidi mapema, na njia ikibana inatanuliwa kwa puto, mara kadhaa ikibidi.

Maumivu: kifua kinauma kama kiungulia kikali, kwa sababu ya iodini na kidonda. Kuna dawa tunayopuliza mwishoni kuimaliza nguvu iodini. Awaambie mapema kama iodini imewahi kumdhuru, na kama ana ugonjwa wa tezi ya shingo. Siku ya kwanza vinywaji visivyo vya moto, kisha uji mwepesi uliopoa, viazi vya kupondwa, ndizi mbivu. Mahindi ya kuchoma yasubiri. Atapewa omeprazoli au ndugu yake kwa wiki kadhaa ili asidi isikichokonoe kidonda. Kama anatumia dawa za kuyeyusha damu au za sukari, asiziache kwa kichwa chake mwenyewe. Daktari aseme zisimame lini.

Hatari zipo. Damu, na tundu. Ukuta wa umio hauna ule utando wa nje ulionao utumbo, kwa hiyo ukitoboka hewa na mate vinaingia kifuani moja kwa moja. Si jambo la kila siku, na likionekana mapema linazibwa kwa vibanio kwa kamera ileile. Anayelala naye ajue dalili hizi: maumivu ya kifua yanayozidi badala ya kupungua, homa, kutapika damu, choo cheusi kama lami, au shingo kuvimba na ukiibonyeza inatoa mlio wa kuchakarika. Hiyo ya shingo ni hewa chini ya ngozi. Msingoje asubuhi. Kwa sababu hiyo mimi ningependa usiku wa kwanza mama alale hospitalini, au angalau hapo mjini, si Litein ndani ambako mvua ikinyesha gari halitoki.

Chai. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lile la Umoja wa Mataifa lililoko Lyon, liliweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Kosa ni la moto, chai yenyewe haina hatia. Huko Kilimanjaro watafiti waliwapima watu chai wanapoanza kuinywa, wastani ukatoka nyuzi 70 na ushee. Sisi wa Kericho sidhani tunawashinda kwa ubaridi. Amimine kwenye kikombe kipana, akae nayo kidogo. Mursik ina asetaldehidi, ileile inayotokana na pombe mwilini, apunguze. Tumbaku na chang'aa sijui kama anahusika, kama anahusika aache.

Na muhimu kuliko yote: baada ya kukatwa, umio wake ni uleule. Doa jingine linaweza kuota sentimita tano juu yake. Arudi baada ya miezi mitatu hivi, apuliziwe iodini tena, kisha kwa vipindi atakavyopangiwa, miaka. Huwa tunawapoteza hapo. Kidonda kimepona, mtu anakula, hela ya nauli inakwenda kwenye karo. Wewe mwalimu ndiye kalenda yake. Na ndugu zake wote wa tumbo moja waliofikisha umri wa kupimwa wapimwe, mjomba akiwa wa kwanza.

Baharia_Kisauni

Sista umenikalisha. Ila mwarobaini siachi.

Mwalimu_Naivasha

Tumepata nafasi kwa daktari kijana. Nilimuuliza wangapi, hakukasirika, alitoa daftari. Gharama inajadiliwa na dawati la SHA, ile bima ya afya ya serikali, nimewaambia wanipe idhini kwa maandishi kabla ya siku. Mjomba amekataa kupimwa ila amekubali kumsindikiza.

La mwisho, mama ana bangili za mkononi alizovaa tangu ndoa, hazijawahi kutoka. Anauliza kama lazima azitoe.

SistaKamera

Lazima. Umeme wa kile kitanzi unapita mwilini na kutokea kwenye bamba tunalombandika pajani, na chuma kinachogusa ngozi kinaweza kumwachia alama ya moto. Zikikataa kutoka tumia sabuni na maji baridi usiku uliotangulia, mkono ukiwa juu. Zikikataa kabisa mwambieni nesi mapema tujue la kufanya, asizifiche chini ya leso. Asipake mafuta mapajani siku hiyo, bamba halitashika. Kama ana kifaa cha moyo kifuani, kisemwe leo, si mlangoni. Meno ya bandia yatolewe. Asile chochote baada ya saa mbili usiku, na maji wamwambie mwisho wake ni saa ngapi. Mjomba abebe blanketi, vile vyumba vina baridi.